Picha Niliyoishia Shingoni

Kazi yangu ni kupiga picha za MRI, zile za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku. Sisomi majibu wala siandiki dawa. Namlaza mtu, namfunika kichwa kwa kizimba cha plastiki, namkabidhi kipira cha kubinya akizidiwa, kisha naenda kukaa nyuma ya kioo na mashine inaanza kugonga. Nimeifanya miaka kumi na mmoja sasa, minne Dar es Salaam na saba huku Uingereza, katika mji mmoja wa katikati ya nchi ambao mvua yake haina adabu. Watu wa Tanga tukikutana huku huulizana kwanza unakaa wapi, halafu unafanya nini. Nikisema napiga picha, wapo wanaoniuliza bei ya harusi.

Nataka kumsimulia mama mmoja wa Kongo niliyempiga picha mara mbili. Mara ya kwanza niliishia shingoni. Mara ya pili nikashuka mpaka kifuani. Katikati ilipita miaka miwili na nusu, na muda wote huo mama wa watu aliishi na jina la ugonjwa usiokuwa wake. Ameniruhusu niandike; nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.

Siku ile ya kwanza alikuja anatembea, ana fimbo moja. Alikuwa na miaka 49. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akacheka.

"Hiyo ni ya Tanzania. Kwetu ni jambo tu. Jambo, mwanangu."

Amekulia Kisangani, mji ambao Kiswahili na Kilingala vinakaa nyumba moja, na mtu huanza sentensi kwa hiki akaimaliza kwa kile. Kusikia Kiswahili ndani ya hospitali ile kulimfungua mdomo. Akaniambia miguu imekuwa mizito kama imefungwa mawe, asubuhi inakaza, na akishuka ngazi anashika ukuta. Akashusha sauti: "Na mkojo haunisubiri tena. Nikisikia tu, njo imeisha kutoka."

Kabla mtu hajaingia kwenye chumba cha sumaku lazima tumkague chuma. Sumaku yetu ni ya tesla 1.5, kama mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia, na haizimwi usiku wala sikukuu. Hereni, pini za nywele, waya wa sidiria, vyote nje. Mama akatoa kila kitu, kisha akasimama kidogo. Kiunoni alikuwa na shanga. Shanga za kioo zenyewe hazina neno, ila hizi zilikuwa zimetungwa kwa waya mwembamba. Nikamwambia mama, samahani, na hizi pia. Akageukia ukuta, akapitisha mikono chini ya gauni la hospitali, akalifungua fundo dogo kama kichwa cha siafu bila kulitazama, akanikabidhi shanga ndani ya leso.

"Usizipoteze. Ni za mama yangu."

Nimezirudia shanga hizo kichwani mara nyingi. Vidole vile vilikuwa vizima kabisa. Mtu ambaye miguu imekaza, kibofu kimeasi, na mikono yake bado inaweza kufungua fundo la waya gizani, tatizo lake ulitafute chini ya shingo. Amri ya mikono hutokea shingoni; ya miguu na kibofu hupita hapo na kuendelea kushuka kifuani. Nililisoma hilo mwaka wa pili wa chuo. Lakini fomu mkononi iliandikwa kichwa na shingo, na chini yake swali: je, ni MS? Basi nikapiga kichwa na shingo. Dakika arobaini. Nikamrudishia shanga zake, akaenda.

Sitaki kulizungusha kosa langu. Mwandikaji wa fomu alikuwa na sababu zake: mtu akishukiwa MS, mazoea ya mahali petu ni kutazama kichwa kwanza, na shingo ikibidi, maana alama zake hupatikana sana huko. Kifua huachwa. Tena kifua kinasumbua kupiga. Moyo unadunda mbele yake, mapafu yanapanda na kushuka, maji yanayozunguka ugwe wa mgongo, ile kamba ya fahamu inayoshuka ndani ya pingili, yanatiririka na kutia ukungu kwenye picha. Kinakula muda, na nje foleni ipo. Hakuna aliyenikataza kuinua simu nikauliza, "Huyu tatizo ni miguu, kifua tunakiacha?" Sikuinua.

Niseme kidogo kuhusu MS kwa asiyeijua, maana kwetu ni adimu. Nilipokuwa Dar nilipiga picha zake za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Huku ni kila wiki. Jina lake refu ni multipo sklerosisi. Askari wa mwili wanaugeuka mwili wenyewe, wanatafuna mayelini, ule utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Palipotafunwa panabaki kovu, na kwenye picha kovu huonekana doa jeupe. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa nchi za mbali na ikweta. Yule mama aliuita "ugonjwa ya bazungu", na kwa kweli hakukosea sana.

Majibu ya picha yake ya kwanza yalisema ubongoni kuna madoa meupe machache, shingo haina kitu, na kwamba MS haiwezi kuondolewa. "Haiwezi kuondolewa" ni maneno ya tahadhari: huenda ipo, huenda haipo. Ila yakishatoka chumba cha picha yakafika wodini, yakatoka wodini yakafika kwa daktari wa mtaani, tahadhari huwa imeshadondoka njiani. Wakamchoma sindano ya kiunoni kutoa maji ya uti wa mgongo. Ndani yake wakakuta ile mistari ya kingamwili ambayo wagonjwa wengi wa MS huwa nayo. Wakamtundikia dripu ya steroidi, dawa inayotuliza kinga ya mwili, siku tatu, na wiki mbili zilizofuata akatembea vizuri kiasi cha kuiacha fimbo mlangoni. Kila mtu akasema, si unaona? Jina likakaa: MS ya aina inayosonga polepole bila kupanda na kushuka.

Tazama jinsi kila ushahidi ulivyosimama upande mmoja. Madoa yapo, mistari ipo, dawa imesaidia. Hakuna aliyedanganya. Shida ni kwamba ushahidi huo wote una mwenyewe wa pili, na huyo hakuna aliyemwita.

*

Mara ya pili alikuja kwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa na binti yake. Fomu ilisema: MS inaendelea, linganisha na picha za zamani, anatarajiwa kuanza dawa ya kushusha kinga. Kichwa na shingo. Tena.

Alinitambua kabla sijamtambua. "Wewe mwanangu wa shikamoo!" Nikamsaidia kupanda kitandani. Nilipomnyoosha, mguu wa kulia ukaruka wenyewe, ukakaza kama ubao, ukatetemeka, ukalegea. Misuli ya namna hiyo ni adui wa picha. Mashine inataka mtu atulie kama maji ya mtungini. Nikamwekea mto mnene chini ya magoti, magoti yakapinda, miguu ikapoa. Halafu nikafika kwenye shanga.

"Bado unazo, mama."

"Nitazitoa wapi? Mama yangu alinipa mbele ya kufa." Akaanza kufungua fundo, taratibu, kwa vidole vilevile. "Naye alikufa hivi hivi."

"Hivi hivi vipi?"

"Miguu. Alianza na fimbo, kisha fimbo mbili, kisha anatambaa na makalio kwenye uwanja. Miaka kumi na zaidi. Dada yake mdogo pia. Bantu walisema wamelogwa na mke mwenza." Akanikabidhi leso. "Na yeye mkojo haukumsubiri."

Nilisimama na ile leso mkononi. MS hujitokeza zaidi ya mara moja katika baadhi ya familia, ni kweli, lakini mama, mama mdogo na binti, wote kwa mtindo uleule, kutoka ukingo wa mto Kongo? Nikamwambia nisubiri kidogo mama, nikatoka, nikainua simu. Safari hii niliinua.

Daktari wa picha wa zamu alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, mzaliwa wa Jamaika, mtu wa maneno machache. Nikamweleza kwa haraka. Kimya. Kisha: "Amezaliwa wapi?"

"Kongo."

"Kongo ni kubwa kuliko Ulaya ya Magharibi unayoijua wewe. Upande gani?"

Nikaenda kuuliza. Kisangani alikulia tu. Kuzaliwa alizaliwa Lisala, kwao na mama yake, chini kwa kufuata mto. Niliporudi na jibu hilo mzee hakuwa tena kwenye simu. Alikuwa anashuka ngazi. Madaktari wa picha si watu wa kutoka kwenye chumba chao cha giza, kwa hiyo nilijua jambo limefika mahali.

"Piga kifua," akasema. "Chote, mpaka ugwe unapoishia."

Mashine ilipokuwa inagonga, akanisimulia, macho yake kwenye kioo. Alipokuwa mwanafunzi Kingston, wodi ilikuwa na watu wazima wenye miguu iliyokaza, wengi wao wanawake wa miaka arobaini na hamsini, na hakuna aliyejua chanzo. Daktari aitwaye Cruickshank alikuwa ameandika juu yao tangu 1956. Watu walilaumu kaswende, lishe, mihogo. Mwaka 1980 maabara ya Robert Gallo kule Marekani ikatangaza virusi vilivyopewa jina la HTLV-1, virusi vya kwanza vya jamii ya retrovirusi kupatikana kwa binadamu, na wakati huo walivihusisha na saratani ya damu. Mwaka 1985 Wafaransa kina Gessain wakapima damu za wagonjwa wa miguu wa kisiwa cha Martinique wakakuta wengi wana kingamwili za virusi hivyo. Mwaka uliofuata Wajapani kina Osame, mjini Kagoshima, wakaeleza ugonjwa uleule kwao. Shelisheli, hapa kwenye bahari yetu, nako ukakutwa. Na Lisala, akasema mzee, ni mahali palipoandikwa kwa jina: watafiti walikuta huko wagonjwa wa aina hii wamekusanyika.

Niliona aibu kidogo. Jina la mji alikozaliwa huyu mama lilikuwa kwenye maandishi ya kitabibu zaidi ya miaka thelathini, na katika fomu zake zote palipotakiwa kuandikwa alikozaliwa paliandikwa "Afrika".

Picha zikaanza kuingia.

Kwa picha ya ubavuni, ugwe wa mgongo wa mtu mzima huonekana kama kamba ya kijivu iliyolala ndani ya mfereji wa maji meupe, na kamba inaujaza mfereji kiasi chake. Wa huyu mama, shingoni ulikuwa na unene wa kawaida, au niseme karibu na kawaida. Ulipoingia kifuani ukaanza kupungua. Kufika katikati ya pingili kumi na mbili za kifua ulikuwa uzi. Weupe wa maji ulikuwa mpana mbele na nyuma yake, kama mfuko uliobaki baada ya kilichomo kuliwa. Hakukuwa na doa moja la kuonyesha kwa kidole. Kilichokuwepo ni wembamba tu, mrefu, kutoka pingili hadi pingili.

Mzee akaomba vipande vya kukata mkate, yaani picha za kukatisha. Kwenye baadhi, pembeni kulia na pembeni kushoto mwa ugwe kulikuwa na weupe hafifu, pande mbili zikifanana kama macho yaliyofifia. Hapo pembeni ndipo zinapopita nyuzi za kuamuru miguu.

"Sasa niletee za MS, yeyote wa wiki iliyopita," akasema. Nikaifungua moja bila jina. Tofauti ilikuwa hata mpita njia angeiona. Doa la MS kwenye ugwe huwa fupi, kwa kawaida halivuki urefu wa pingili mbili, limekaa pembeni upande mmoja, na ugwe uliobaki umejaa vizuri. Juu na chini yake pazima. Ni kama nondo aliyetoboa shuka mahali fulani. Huyu wetu alikuwa shuka lililofuliwa mpaka likapauka lote.

Kisha akarudi kwenye kichwa, kwenye madoa yaleyale yaliyoanzisha maneno. MS ina tabia yake ubongoni. Madoa hukaa kuzunguka vile vyumba vya maji vya katikati, yamesimama wima kutoka ukutani kama vidole. Huitwa vidole vya Dawson, kwa jina la James Dawson wa Edinburgh aliyeyachunguza chini ya hadubini na kuandika mwaka 1916. Huingia pia kwenye daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo, na kwenye shina la ubongo, na chini kabisa ya gamba. Kwa picha maalumu utaona kishipa cha damu kimepita katikati ya doa. Madoa ya mama hayakuwa na lolote kati ya hayo. Yalikuwa vitone vidogo, vimetawanyika ndani ya sehemu nyeupe ya ubongo, mbali na kuta za maji. Vitone hivyo wenye HTLV-1 huwa navyo. Wenye shinikizo la damu pia huwa navyo. Wengine wanazeeka navyo bila kujua.

"Vilikuwa hapa tangu ile ya kwanza," nikasema.

"Vilikuwa hapa," akakubali, na hakuongeza kitu. Nilimshukuru kwa hilo.

Lazima niseme pia kilichonishangaza baadaye, nilipoanza kusoma kwa bidii ya mtu anayelipa deni. Picha ya mgongo ya mgonjwa wa virusi hivi inaweza kutoka safi kabisa. Wapo ambao mapema ugwe huvimba badala ya kukonda, ukang'aa kwa urefu, mpaka ukafanana na ugonjwa mwingine unaoitwa nyuromaielitisi optika, ambao huwapata zaidi watu weusi kuliko weupe na una kingamwili yake ya kupima. Na ile mistari kwenye maji ya mgongo hutokea katika HTLV-1 kama inavyotokea katika MS. Steroidi nazo huwapa nafuu ya muda wote wawili. Kwa hiyo usije ukasikia mtu anasema MRI imeonyesha virusi. MRI haionyeshi virusi. Inakuambia damu ipimwe nini.

Na damu nayo peke yake haitoshi. Wengi mno wenye HTLV-1, zaidi ya tisa katika kila kumi, huishi nayo mpaka uzeeni bila ugonjwa wowote. Mtu anaweza kuwa na virusi na bado akapata MS yake halali kama jirani yake asiye na virusi. Hapo ndipo picha inaposhuhudia: wembamba wa kifua, pande mbili, bila vidole vya Dawson, na kingamwili kwenye damu na kwenye maji ya mgongo. Vikikaa pamoja ndipo daktari anathubutu kulifuta jina la zamani.

*

Majibu ya damu yalichukua wiki kadhaa. Mama aliomba niwepo siku ya kuambiwa. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, kukaa pembeni tu, maana mkalimani wa kulipwa alikuwepo kwenye simu. Mkalimani alikuwa Mkenya, Kiswahili chake safi, na aliposema "virusi vinavyokaa kwenye damu" nikamwona mama anaganda. Mkono wake ukaja kwenye goti langu.

"SIDA?" akauliza. Kwao hivyo ndivyo wanavyouita UKIMWI.

Daktari akasema hapana mara tatu. Nami nikamwambia kwa sauti ya chini, mama, hivi na vile ni ukoo mmoja lakini si mtu mmoja. Havimalizi kinga, havikondeshi mwili, na wenye navyo wengi hawaugui. Akaniangalia muda mrefu kupima kama namdanganya. Mkanganyiko huu una historia, kwani miaka ya mwanzo VVU viliwahi kuitwa na wanasayansi HTLV-III, na hata leo muuguzi asiye makini akiona herufi hizo anavaa glavu mbili.

"Nimepata wapi?"

Njia ni ziwa la mama, kujamiiana, damu ya kuongezewa na sindano za kushirikiana. Kwa habari ya mama yake na mama mdogo, daktari alidhani alinyonya. Mama akakaa kimya, akapapasa kiuno chake juu ya nguo.

Dawa kali ya MS iliyokuwa inamsubiri iliwekwa kando. Hapo nilijifunza jambo lililonitoa jasho kuliko yote. Kuna minyoo iitwayo strongiloidi, inayoingilia miguuni kwa mtu anayekanyaga udongo mbichi, nayo hukaa tumboni miaka hata ishirini, thelathini, bila kelele. Mwenye HTLV-1 hawezi kuidhibiti vizuri. Ukimpa steroidi nyingi, minyoo inaweza kulipuka ikasambaa mwili mzima, na huo unaua. Walimpima, alikuwa nayo. Ile dripu ya siku tatu alitoka salama, kwa rehema za Mungu au kwa bahati, mimi sijui. Akapewa ivamektini, akaimeza na maji, yakaisha. Kinyesi na damu ya kupima minyoo hakihitaji sumaku ya mamilioni.

Tiba ya kuviondoa virusi haipo. Alipata baklofeni ya kulegeza misuli, akafundishwa kujitoa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku, na mtaalamu wa mazoezi akamnyoosha miguu mpaka akarudi kwenye fimbo mbili ndani ya nyumba. Nje bado ni kiti. Aliwahi kuniambia kwa hasira, na hasira ilimpendeza: "Miaka miwili nilikuwa naomba Mungu aniondolee ugonjwa ambayo sina. Atakuwa alinishangaa."

Rafiki zangu wa hospitali za Muhimbili na Bugando, Tanzania, nilipowahadithia, mmoja aliniuliza: sasa sisi huku tuanze kupima HTLV kila mwenye miguu mizito? Nikamwambia hapana, anza na yanayotibika na yanayobana. Kifua kikuu cha pingili, uvimbe unaoukaba ugwe, kichocho kwa watu wa Kanda ya Ziwa, upungufu wa vitamini B12, VVU. Muulize amekula nini, maana konzo ipo: ilishawahi kuwapiga watu wa Tarime mwaka 1985 kwa mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha. Konzo humjia mtu ghafla, ndani ya siku chache, kisha haiendelei, kibofu huwa salama, na MRI haionyeshi kitu. Jina lenyewe limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Hii ya virusi inakuja kama kutu. Ukishayaondoa hayo yote, na ugwe wa kifua ni mwembamba, hapo uliza alikozaliwa mama yake mzazi.

Sheria niliyojiwekea kazini ni fupi. Fomu ikija na neno miguu na neno mkojo, na imeishia shingoni, napiga simu. Wenzangu wamenipa jina, "Bibi Kifua". Mara nyingi naambiwa acha, hakuna haja. Nasema sawa.

Watoto wake watatu walipimwa. Alimnyonyesha kila mmoja, wa kwanza mpaka miaka miwili na ushee, na wawili wa mwisho muda mfupi kwa sababu ya safari za ukimbizi. Wa kwanza anavyo, wadogo hawana. Huyo wa kwanza ndiye binti aliyekuwa anasukuma kiti. Hana dalili yoyote, na alikuwa mjamzito. Kule Japani, mama mwenye virusi hivi hushauriwa juu ya kutonyonyesha; hapa maji ni safi na maziwa ya kopo yapo, akachagua kopo. Kwa mwanamke wa Kongo kumpa mtoto chupa mbele ya mashangazi si jambo dogo, na mashangazi walisema yote waliyokuwa nayo. Bibi wa mtoto ndiye aliyewanyamazisha.

Mwezi uliopita mama alikuja kwa picha ya kulinganisha. Kichwa, shingo na kifua, yameandikwa yote matatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya Kitanzania ya kunikejeli. Tulipofika kwenye ukaguzi nikamwandalia leso kama kawaida. Akaikataa.

"Nimezitunga upya," akasema. "Nimetoa waya, nimeweka uzi wa pamba tupu. Kagua."

Nikapitisha kile kijiti cha kusikia chuma kiunoni mwake, mbele na nyuma. Kikanyamaza. Akapanda kitandani nazo.